Vina na mizani: maswali ninayoulizwa kila Jumamosi

Sisi tunaojifunza kutunga mashairi tunakutana Uyole, Mbeya, Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye baraza ya nyumba yangu, na mvua ikizidi tunahamia sebuleni. Hatuna jina wala katiba wala ada. Wanaokuja ni wa kila namna: dereva wa bodaboda, binti wa kidato cha tatu, muuguzi mstaafu, mama anayeuza viazi Mwanjelwa. Maswali wanayokuja nayo, hata hivyo, ni yaleyale miaka nenda rudi, ndiyo maana nimeyaandika hapa. Ukishayasoma, njoo na yako mengine.

Mwalimu, mizani ni nini hasa? Na naihesabuje?

Mizani ni silabi. Sisi tunahesabu kwa kopo la maharage. Tamka neno polepole, na kila kipande cha sauti kinapotoka mdomoni, weka harage moja mezani. "Parachichi" ni maharage manne. "Makambako" manne. "Tukuyu" matatu. "Njombe" mawili tu, japo macho yanaona herufi sita.

Mshororo, yaani mstari, wa shairi la kawaida hula maharage 16: manane, pumzi ndogo, kisha manane mengine. Kipande cha kwanza kinaitwa ukwapi, cha pili utao. Mishororo minne ya namna hiyo ni ubeti mmoja, na ubeti wa mishororo minne wazee wameuita tarbia.

Hesabu kwa mdomo, si kwa macho. "Ng'ombe" limejaa herufi lakini lina mizani mbili, wakati "aua" lina herufi tatu tu na mizani tatu. Wapo wanaoweka mkono chini ya kidevu na kuhesabu kinashuka mara ngapi. Njia hiyo ni nzuri kwa irabu, ila inaisahau m ya "mtu", ambayo inatoka midomo ikiwa imefumbwa. Hapo ndipo linapozaliwa swali linalofuata.

Kwa nini m mara inahesabiwa, mara haihesabiwi?

Sikiliza "mtoto" halafu "mboga". Kwenye "mtoto" m inasimama peke yake kabla hujafika kwenye "to": m-to-to, mizani tatu. Kwenye "mboga" m imegandana na b, huwezi kuitenga bila kulivunja neno: mbo-ga, mbili. Ndiyo maana "Mbeya" ni mbili na "mlima" ni tatu. Mvua inayonyesha ni mbili, mvu-a, lakini mvuvi wa Ziwa Nyasa ni tatu, m-vu-vi.

Kuna pahali neno moja lina hesabu mbili. Ukisema "mtu mbaya", m hiyo ni ya mtu, inasimama yenyewe: m-ba-ya. Ukisema "njia mbaya", imegandana: mba-ya. Msikilize mtu akitamka yote mawili haraka utaona hazilingani. Mimi nilifundisha miaka mingi kabla ya kuligundua hili, na mwenye kunifungulia masikio alikuwa yule mama wa viazi. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba "mwalimu, hiyo ya pili ni fupi".

Kisha kuna maneno mafupi mno: mbu, mbwa, nzi, nchi, nje. Yangehesabiwa mizani moja, mkazo ungekosa pa kukaa, kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo m au n hupandishwa cheo ikawa silabi kamili: m-bu, n-chi, n-je. Matokeo yake mbu ana mizani mbili na mbuzi ana mbili vilevile. Binti wa kidato cha tatu alicheka kwa hilo mpaka akamwaga maharage.

"Daktari" ni mizani tatu au nne?

Watunzi hawajakubaliana. Wapo wanaoihesabu k peke yake, wapo wanaoimeza. Chagua moja na ushikamane nayo shairi zima. Kinachoudhi ni mtu anayehesabu "labda" mbili kwenye ubeti wa kwanza na tatu kwenye ubeti wa nne kwa sababu amepungukiwa.

Kina ni nini, na kwa nini umenikatalia "kula" na "kura"?

Kina ni silabi ya mwisho inayofanana, konsonanti na irabu yake kwa pamoja. Vina vya kati hukaa kwenye mizani ya 8, vya mwisho kwenye ya 16. "Pika" na "haraka" vina kina kimoja, -ka. "Pika" na "piga" havina. "Kuba" na "kumba" navyo havina, maana -ba si -mba.

Sasa hilo la "kula" na "kura". Sisi watu wa Nyanda za Juu tuna deni na herufi r. Kinyakyusa hakina r, na katika lugha nyingine za jirani r na l hubadilishana viti kila siku. Jina la Iringa lenyewe linatajwa kuwa limetoka kwenye neno la Kihehe "lilinga", maana yake ngome, na njiani l ikawa r. Kwa hiyo unapoandika kwamba wananchi "walipiga kula", masikio ya nyumbani hayaoni tatizo lolote, lakini msomaji wa Tanga anawaona wanaugombania wali.

Kwenye kina ni vivyo hivyo: -la na -ra ni silabi mbili tofauti. Hali ya s na z na sh ndiyo hiyohiyo, na wengi wetu tumekua tukisema "mbusi" bila aibu. Siwaambii mtu aache lafudhi yake, hata mimi ninayo. Nawaambia tu kamusi ikae karibu na kopo la maharage, na kabla hujaapa kwamba maneno mawili yana kina kimoja, yafungue uyaone yameandikwaje.

Vina vyangu viko sawa, mizani 16 kila mshororo, lakini nikisoma halinogi. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na wanaoliuliza huwa wameshafika mbali bila wao kujua.

Rudi kwenye mkazo. Kwa kuwa Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kila kipande cha mizani nane kina pigo kubwa kwenye ya 7, na kina chako kinaangukia ya 8, baada ya pigo, kwa upole. Kwa maneno mengine, sikio linaisikia ya 7 kwanza. "Kitandani" na "kichwani" zinashika pamoja, -ani na -ani, mlango unafungika kabisa. "Kitandani" na "jikoni" kisheria ni halali, -ni na -ni, lakini mlango umerudishiwa tu, upepo unapita. Huna haja ya kufunga kila mlango. Ila kama vina vyako vyote vya -ni vinatoka -ani kwenda -oni kwenda -ini kwenda -uni, msikilizaji atahisi kuna kitu kinalegea bila kujua ni nini.

La pili ni jinsi mizani nane zinavyogawanyika humo ndani. Umewahi kusikia wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi mmoja unapanda, mwingine unashuka, wala haigongani. Ukiandika 4 na 4, 4 na 4, 4 na 4 toka mwanzo hadi mwisho, unapata mtwango huo, na baada ya beti tatu msikilizaji anasinzia. Watwangaji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana mmoja hupiga mchi ukingoni mwa kinu mara mojamoja, ko!, kisha wanaendelea. Wewe nawe panga 3 na 5 hapa, 5 na 3 pale.

Nionyeshe shairi linavyotengenezwa, usiniambie kanuni tu.

Haya. Hili tulilitengeneza pamoja Jumamosi moja ya mwezi Juni, wote tumejifunga mashuka. Dereva wa bodaboda ndiye aliyeanza. Alileta hivi:

Asubuhi kuna baridi, nikatoka kitandani

Tukahesabu. Utao uko sawa, ni-ka-to-ka ki-ta-nda-ni, nane. Ukwapi una tisa: a-su-bu-hi ku-na ba-ri-di. Yeye alitaka kuikata "asubuhi". Muuguzi akasema aliyezidi ni "kuna", hana kazi yoyote pale. Ikawa "asubuhi ya baridi", na mara ikawa inasikika kama mtu anaanza kusimulia. Kwa hiyo tukaibadili na "nikatoka" ikawa "nimetoka", mambo yawe yanatokea sasa hivi.

Mshororo wa pili ulitugharimu saa nzima. Alikuwa na "ukungu mwingi umejaa", tisa tena, na kina cha -a wakati tunatafuta -di. Tulijaribu kumwingiza juhudi, kumwingiza ahadi, hata Idi akatajwa. Mwishowe mama wa viazi akasema "umeshitadi", yaani umezidi. Hakuna aliyetegemea neno hilo litoke kwake, lakini huko ndiko tulikofika.

Wa tatu ulikuwa "nimevaa nguo tatu, na mtandio kichwani". Mizani imetimia, kina cha kati kimekosekana. Tukageuza tu: "nguo tatu sina budi". Hatukusema "kuvaa", na halikukosekana.

Kibwagizo, yaani mshororo wa nne utakaorudiwa kila ubeti, kilianza kama "baridi ya Mbeya kali". Nane kamili, hakina kosa, na hakina ladha pia, maana hata aliyekaa Dar es Salaam na hajawahi kufika huku angeweza kukiandika. Nikauliza: baridi ya wapi? Ya lini? Ndipo likaja hili:

Asubuhi ya baridi, nimetoka kitandani,
Ukungu umeshitadi, sioni barabarani,
Nguo tatu sina budi, na mtandio kichwani,
Juni yetu ya Uyole, inauma mifupani.

Mkaa sasa wawaka, chai imo birikani,
Viazi vikichemka, vyachanika magandani,
Wala hatuna haraka, kutoka hapa jikoni,
Juni yetu ya Uyole, inauma mifupani.

Angalia mshororo wa pili wa ubeti wa kwanza: "ukungu" tatu, "umeshitadi" tano, halafu "sioni" tatu, "barabarani" tano. Huo ndio mchi uliogonga ukingoni. Na huyo "jikoni" kwenye ubeti wa pili ndiye ule mlango uliorudishiwa. Tulijadili kumtoa. Dereva akakataa kabisa, akasema jikoni ndiko tulikokuwa. Nikamwachia.

Ninachokipenda mimi hapo ni viazi kuchanika kwenye maganda yake. Hakuna kanuni ya arudhi, yaani ya utungaji wa mashairi, inayokupa hicho. Ni lazima uwe umewahi kukaa mbele ya sufuria.

Naruhusiwa kukata au kurefusha maneno ili mizani itimie?

Unaruhusiwa, na kila ruhusa ina jina lake. Kufupisha neno ni inkisari: "aliyekuja" mizani tano huwa "alokuja" nne. Kurefusha ni mazida: "afya" mbili huwa "afiya" tatu. Kubadili sauti bila kugusa hesabu ni tabdila: "jua" huwa "juwa" ukitafuta kina cha -wa.

Ruhusa hii ni kama chumvi. Mtunzi anayeandika "afiya" mara moja anasikika mzoefu. Anayekata kila neno la tatu anasikika kama simu yenye mtandao mbaya. Na kuna maneno hayakatiki: usimkate mtu jina, wala usikate kikanushi. Niliwahi kuletewa ubeti ambao "si" iliondolewa ili ipatikane mizani moja, na bwana arusi aliyekuwa hana kosa akageuka mwenye kosa.

Shairi lililokosa hesabu au vina pasipo mtunzi kukusudia huitwa guni. Ni neno la kawaida tu, si tusi, ingawa likitamkwa mbele za watu linauma kidogo. Mimi niliambiwa kwenye sendofu moja huko Mbalizi, nimesimama na karatasi, beti saba nilizozitunga usiku nikiwa na usingizi. Nilipomaliza, mzee mmoja meza ya mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, ubeti wa tano, mshororo wa tatu umepungua mguu." Nikahesabu palepale kwenye vidole. Kumi na tano. Hakuwa ameona karatasi, alisikia tu.

Shairi na utenzi vinatofautianaje?

Utenzi ni mwembamba na unatembea mbali. Kila mshororo una mizani nane, mitatu ya kwanza inashirikiana kina, na wa nne unachukua kina kimoja kinachorudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi uishe, hata kama una beti elfu. Hicho cha mwisho ndicho kinaitwa bahari. Hakuna kibwagizo, kwa sababu hakuna muda wa kurudi nyuma, hadithi inasonga. Tenzi za pwani zilizohifadhiwa kwa maandishi zinarudi nyuma hadi karne ya 18, na nyingi ni habari za vita na dini.

Kwetu hapa hadithi za kutungia tenzi zimejaa. Kijana mmoja wa Iringa alianza hivi:

Alitawala Kalenga,
Ukuta akaujenga,
Jiwe kwa jiwe kupanga,
Mkwawa wa Uheheni.

Mwaka tisini na moja,
Wajerumani wakaja,
Lugalo wakawangoja,
Wahehe wamo porini.

Ni 1891 hiyo, Agosti. Alipofika beti ya kumi na mbili akakwama, kwa sababu bahari ya -ni aliichagua akidhani ni rahisi. Kweli ni rahisi, kila pahali pana -ni: porini, vitani, ngomeni. Lakini urahisi huohuo unakufanya kila ubeti uishie mahali fulani, na Mkwawa wake akawa kama mtu anayezunguka tu. Nilimshauri atafute mishororo ya nne inayoishia na "nani", "amini", "thamani". Bado anaendelea.

Hivi mtu wa bara anaweza kuwa malenga kweli? Si mambo ya pwani haya?

Aina ya shairi tunayoiandika ilikomaa pwani, hakuna ubishi. Muyaka bin Haji wa Mombasa ndiye anayesifiwa kuutoa ushairi wa mishororo minne kwenye mambo ya dini na kuuingiza sokoni na barazani mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini kitabu cha kanuni ambacho watunzi wengi wa Tanzania walikishika mkononi, cha mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Na aliyezieneza ngonjera mpaka zikaingia shuleni kote ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma. Dodoma hakuna hata mto wa maana.

Na mashairi yasiyo na vina wala mizani, ni mashairi?

Ni mashairi. Ugomvi huo ulipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani. Walioshika mapokeo walisema hiyo ni nathari iliyokatwakatwa. Wenzao wakajibu kwamba kina kinamlazimisha mtu aseme asichokusudia. Kila upande una ukweli wake. Nimeona vina vikiiburuta akili ya mtu mpaka mahali ambapo hakutaka kwenda, na nimeona mashairi huru ambayo ukiyaunganisha mistari yanakuwa barua ya kuomba kazi.

Hapa kwangu tunaanza na vina na mizani. Ukishazoea, ruka upendavyo. Shairi huru nalo lina pigo lake, ila unalitafuta mwenyewe kila mshororo bila maharage ya kukusaidia.

Mimi nachana mistari ya rap. Mizani inanihusu?

Ukichana, biti ndiyo mizani yako. Muda ndio unaopimwa, si idadi ya silabi, kwa hiyo unaweza kubana silabi kumi na mbili mahali ambapo mstari uliopita uliweka sita. Ila vina unavitumia kama sisi, na hapo nina neno. Vijana wengi wanashika silabi ya mwisho tu, wanapanga -ka, -ka, -ka. Chukua silabi mbili au tatu za mwisho, "haraka" na "baraka", utaona hadhira inavyogeuza shingo. Pia jaribu siku moja kuandika beti mbili za 8 na 8, uzichane juu ya biti ya polepole. Dereva wetu alifanya hivyo na lile shairi la Juni, na nililipenda kuliko nilivyotaka kukiri.

Naweza kutunga kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena?

Tunga. Lakini usiende na kopo la maharage ukidhani litafanya kazi ileile. Nyimbo zetu za asili hazikusimama juu ya vina. Zinasimama juu ya kurudia na kupokezana: anayeongoza anatupa mstari, wengine wanaupokea, anarudi na neno moja limebadilika, wanapokea tena. Pigo linatoka kwenye mguu, jembe, au mchi. Kihehe juu ya hayo kina toni, sauti inapanda na kushuka ndani ya neno, jambo ambalo Kiswahili hakina. Ukikilazimisha kiishie -ni, -ni, -ni unakuwa umemvalisha bibi yako suti.

Kaa na wazee kwanza usikilize wanavyoimbia kazi au kumbembeleza mtoto. Kibwagizo cha Kiswahili na kiitikio cha kijijini ni ndugu, na mtu anayekijua kimoja hapati shida na kingine.

Mimi sitaki kuandika, nataka tu kuyaelewa na kuyafurahia. Nianzie wapi?

Soma kwa sauti. Najua unasoma kwenye daladala na watu watakuangalia, basi chezesha midomo. Shairi lililosomwa kwa macho tu ni kama mchele wa Kyela uliousikia harufu kutoka kwa jirani.

Mara ya kwanza usitafute maana, fuata pumzi tu: nane, kituo, nane, kituo. Mara ya pili kiangalie kibwagizo. Maneno ni yaleyale kila ubeti, je, yanasema kitu kilekile? Kwenye shairi la Juni hapo juu, "inauma mifupani" ya ubeti wa kwanza ni malalamiko. Ya ubeti wa pili, watu wakiwa wamezunguka mkaa na viazi, inakaribia kuwa sababu ya kufurahi. Neno halikubadilika, jirani zake ndio waliobadilika. Mara ya tatu tafuta neno ambalo hukulitegemea, ujiulize kama mtunzi amelitaka mwenyewe au amesukumwa na kina. Ukiweza kutofautisha hayo mawili, wewe si msomaji wa kawaida tena.

Mashairi ya zamani yatakusumbua kwa msamiati. Ukikuta "nti", "ndia" na "mato", si makosa ya uchapaji. Ni nchi, njia na macho kwa lahaja za kaskazini, Mombasa na Lamu. Na "mtima" ni moyo. Tengeneza orodha yako nyuma ya daftari, baada ya mashairi kumi utashangaa inavyopungua.

Na mtafute mtu anayejua kughani. Kusoma ni kitu kimoja, kughani ni kingine: sauti inavutwa, inapandishwa kwenye ukwapi na kutulizwa kwenye utao. Muuguzi wetu anaghani kwa mahadhi ambayo anasema aliyapata kwa mama yake mkwe. Akianza, jirani huzima redio.

Mwanangu yuko darasa la pili. Ni mapema mno?

Amechelewa kidogo, maana anaporuka kamba tayari anahesabu mizani. Mpe vitendawili, mpe maharage, usimpe maneno kama "arudhi".

Simu inaweza kunihesabia?

Itakuhesabia maneno na herufi. Mizani hapana. Na ile ya kusahihisha tahajia itakibadilisha kina chako usiku ukiwa umelala.

Nitunge kuhusu nini?

Kuhusu ulichokiona wiki hii. Lori la mbao lililokwama Mafinga. Maua ya Kitulo wakati wa mvua. Treni ya TAZARA uliyoisubiri kuanzia asubuhi. Wanaoanza wanapenda kutunga juu ya Upendo, Amani, Elimu, kwa herufi kubwa, na mimi siwazuii, ila huwa naomba wanionyeshe upendo huo umekaa kwenye kiti gani.

Nina shairi la kusoma harusini Jumamosi hii. Utanipitishia?

Kama ni Jumamosi hii, lilete Alhamisi jioni, si Ijumaa. Lisizidi beti tano, chakula kitakuwa kinapoa. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, taa za ukumbini hazieleweki. Na ubeti wa tano uhesabu mara mbili.